Milimita Moja ya Fundi

Mtu ambaye hajawahi kukalia cherehani ana nafasi nzuri zaidi ya kuumaliza mfarishi wa Bargello salama kuliko fundi wa nguo mwenye miaka ishirini kazini. Asiyejua huogopa, na kwa uoga wake hupima, kisha akapima tena. Fundi huuamini mkono. Kisa cha fundi mmoja wa Lexington, jimboni Kentucky, Marekani, kinawahusu hao wenye mkono wa kuaminika, hasa wale wanaopokea fedha za mteja kabla hawajagusa kitambaa.

Fundi huyu ni mzaliwa wa Uvira. Cherehani alijifunzia Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, na humo ndimo alimolea watoto wake kwa sare za shule, magauni ya vitenge na suruali za kupunguzwa kiuno. Alipohamishiwa Marekani akafikia Lexington, mji ambao Kiswahili cha Kongo utakisikia dukani, kanisani na kwenye foleni ya kliniki, hakukaa bure hata mwezi. Wakongo wanaoa, Wakongo wanabatiza, na kila shughuli ina sare yake. Alijua kukadiria kiuno cha mtu kwa jicho. Alijua kukata gauni bila pateni, chaki tu mkononi. Tuliseme hilo mapema asije mtu akadhani yaliyompata yalitokana na uzembe. Alikuwa fundi hodari, na uhodari huo ndio uliomponza.

Kentucky nayo ni nchi ya mifarishi, yale mashuka mazito ya matabaka matatu: vipande vilivyoungwa juu, pamba katikati, kitambaa kizima chini. Magharibi ya jimbo, katika mji wa Paducah, kuna jumba zima la makumbusho ya kazi hiyo, lililofunguliwa mwaka 1991. Kanisani kwa fundi wetu, siku ya mnada wa hisani, palitundikwa mfarishi mmoja ukutani. Rangi zake zilianzia buluu ya usiku, zikapanda kwenye kijani, zikafika njano, zikateremka tena, na kote ulienda mawimbi, mengine ya mteremko mkali, mengine ya taratibu. Watu walisimama wakaushangaa. Fundi hakushangaa. Aliusogelea mpaka pua ikakaribia kugusa, akaifuata mishono kwa ukucha, na siri akaipata papo hapo: hapakuwa na mshono hata mmoja uliopinda. Mawimbi yote yale yalitokana na vipande vya mraba na mstatili vilivyosimama safu kwa safu, kila safu imepanda au imeshuka hatua moja kuliko jirani yake.

“Kumbe ni mistari mitupu,” alimwambia bintiye. “Hii kazi ya sare.”

Hapo alisema kweli, na ukweli ule ndio uliokuwa chambo.

Jina la mtindo huu limetoka Florence, Italia, kwenye kasri la Bargello. Lilianza kujengwa mwaka 1255, likapata kuwa makao ya mkuu wa polisi na gereza, na mwaka 1865 likafunguliwa kuwa jumba la makumbusho. Humo mna viti vya karne ya 17 vilivyofunikwa tarizi ya ndimi za moto, yaani nyuzi za wima zinazopanda na kushuka kwa hesabu. Waungaji wa mifarishi wa Marekani waliichukua hesabu hiyo wakaiacha tarizi yenyewe; badala ya uzi wakatumia kanda za kitambaa. Kazi iliwarahisikia zaidi baada ya mwaka 1979, kampuni ya Kijapani ya Olfa ilipotoa kisu chenye gurudumu ambacho hukata matabaka kadhaa kwa mkupuo.

Ukiieleza kwa mdomo, kazi ni fupi mno. Unachagua rangi, tuseme 20, ukizipanga kuanzia hafifu hadi nzito. Kila rangi unaikata ukanda wa inchi mbili na nusu, na urefu wake ni upana wote wa kitambaa, kama inchi 42. Unaziunga ubavu kwa ubavu, kwa mshono wa robo inchi, mpaka upate pande moja la mistari. Kisha unauunga ukanda wa kwanza na wa mwisho, pande linakuwa bomba. Bomba unalilaza na kulikata kwa kukingama, zinapatikana pete: hii ya inchi mbili, ile ya inchi moja na nusu, nyingine ya inchi moja. Kila pete unaifumua mshono mmoja tu, inafunguka kuwa safu ndefu yenye rangi zote. Pete ya kwanza ukiifumua penye buluu, ya pili unaifumua rangi moja mbele, ya tatu rangi moja tena, na hapo rangi zinapanda ngazi. Ukitaka ziteremke, unarudi ulikotoka. Pete nyembamba huleta mteremko mkali, pete pana huleta mteremko wa pole. Kisha unaziunga safu kwa mpangilio wake. Basi.

Mama mmoja wa pale kanisani, aliyekuwa akijiandaa kumwoza mwanawe, aliutaka mfarishi wa namna ile kwa kitanda cha maharusi. Wakapatana dola 800, akatanguliza 300. Fundi aliahidi wiki sita. Waliowahi kupeleka kitambaa kwa fundi wanaujua uzito wa ahadi ya fundi, lakini huyu hakuwa wa “njoo Jumamosi”. Jina lake mjini lilijengwa kwa kuwahi.

Bibi wa Kimarekani aliyeushona ule wa ukutani alisikia habari, akamfuata. Binti alisimama katikati yao akitafsiri.

“Bibi anasema uanze na kile kitambaa chembamba cha kutandika katikati ya meza. Rangi nane zinatosha. Na pete zisipungue inchi moja na nusu.”

“Mwambie namshukuru sana. Mwambie nimeshona sare za shule nzima.”

Bibi alicheka kwa adabu, akaongeza neno.

“Anasema kila ukanda unaouongeza, uanzie kushona ncha nyingine. Huu ukiuanzia huku, unaofuata uuanzie kule.”

“Kwa nini?”

Binti aligeuka kumuuliza, lakini bibi alikuwa ameshashikwa mkono na mtu mwingine wanasalimiana. “Hakusema, Mama.”

Lawama ya hapo mimi nawagawia wote wawili. Mwanafunzi alikuwa na haraka, sawa. Ila mwalimu anayetoa kanuni akaibakiza sababu yake amempa mtu mzigo usio na mpini. Fundi akiambiwa “fanya hivi” bila sababu, hasa fundi aliyefundisha wenzake, neno hilo hupitia sikio moja likatokea jingine.

Mwanzo wa kazi ulikwenda vizuri kuliko ambavyo wengi wetu tungefanya. Alifua vitambaa vyote kwanza, kwa kuwa alishaona mengi katika maisha yake, na kweli kitenge kimoja chekundu kilichuja rangi mpaka maji ya beseni yakawa damu tupu. Akakiweka kando. Vitenge vingine viwili vilimpa taabu ya namna tofauti. Vilikuwa vizuri sana vikiwa vizima, maua makubwa kwa makubwa, lakini kitenge cha maua makubwa ukikikata ukanda wa inchi mbili na nusu, sehemu moja inatoka njano kali na sehemu inayofuata inatoka nyeusi. Katika Bargello jicho husafiri kwa kufuata uzito wa rangi, kutoka hafifu kwenda nzito; ukanda ambao hauna uzito mmoja hulikwaza jicho njiani. Binti alivipanga vitambaa vyote mezani akavipiga picha ya simu isiyo na rangi, nyeupe na nyeusi tu. Vitenge vile viwili vilijionyesha mara moja, vimekaa kwenye mpangilio kama wageni wasioalikwa. Navyo vikatoka, vikanunuliwa vingine vya rangi tulivu, nusu yadi kila kimoja.

Kukata pia alikuelewa haraka. Kitambaa hukunjwa ndipo kikatwe, na rula isipokaa mraba na mkunjo, ukanda ukikunjuliwa hutoka na kiwiko katikati. Aliona kiwiko kwenye ukanda wa pili, akasahihisha rula, hakurudia. Kwa ukubwa wa kitanda kile alihitaji kanda 40 kwa kila pande, rangi 20 zikirudiwa mara mbili, na mapande matatu. Jumla kanda 120.

Kisha akaketi kwenye cherehani.

Alikuwa akishona usiku. Cherehani ilikaa pembeni mwa dirisha, ukuta mkono wa kulia, na namna meza ilivyokaa ilimpendeza kuanzia ncha ileile kila ukanda: weka, panga ncha, kanyaga. Kugeuzageuza pande zima kwa kila mshono kulimwonekania kazi ya kupoteza muda. Alikuwa amebandika kijiutepe kwenye kitako cha mashine kuonyesha robo inchi, na inchi za mwanzo za kila mshono aliutazama utepe ule kwa makini. Lakini mshono ule una urefu wa zaidi ya mita moja, na kadiri anavyosonga jicho lilikuwa linatangulia kwenye ukanda unaofuata, huku pande, ambalo kila mshono linaongezeka uzito, linaning'inia nyuma ya meza na kuvuta. Kufika mwisho, mshono umenenepa kidogo. Kidogo kiasi gani? Milimita moja.

Kwa gauni, milimita moja haina jina. Kiuno cha mteja chenyewe hubadilika zaidi ya hapo kati ya asubuhi na chakula cha jioni. Kitambaa hukubali kuvutwa, bega hufichwa kwa pedi, urefu humalizwa na pindo. Mafundi wote wanaishi ndani ya msamaha huo, na wengi hawajui kama ni msamaha mpaka siku wanapokutana na kazi isiyousamehe.

Mabomba matatu yalikamilika. Pasi aliipiga kwa nguvu za aliyezoea pasi ya mkaa, akiisukuma mbele na nyuma, na mishono yote ya mabomba yote akailaza upande mmoja. Hili nalo lilikuwa na gharama yake. Kwa Bargello pasi hukandamizwa na kuinuliwa, haisukumwi, la sivyo kanda huvutika na kupinda. Na mishono ya safu moja inatakiwa kulala juu na ya jirani yake kulala chini, ili zikikutana ziumane badala ya kupandana na kufanya kinundu. Tulipite hilo, kwa sababu kinundu huonekana na kinachoonekana hurekebishwa.

Akalikata bomba la kwanza, pete 21. Akalikata la pili, akalikata la tatu, zote usiku mmoja, akaziweka mafungu matatu juu ya kitanda. Hakuziandika namba. Asubuhi wajukuu wawili walizikuta, na pete za kitambaa cha rangi zina mvuto wake kwa mtoto: mmoja alivaa saba shingoni, mwingine akajifunga nne kiunoni na kuanza kucheza ngoma. Bibi yao alizirudisha moja moja akizipima upana ili ajue ipi ni ipi. Kikaratasi chenye namba, kimebanwa kwa pini kwenye kila pete, kingemwondolea nusu siku ile.

Kazi ya kuunganisha ilimpa raha ambayo hakuitarajia. Safu ya kwanza na ya pili, mawimbi yakaanza. Ya tatu, ya nne. Kila safu aliikuta ni fupi kidogo kuliko iliyotangulia, milimita tatu, nne hivi, katika urefu wa mita mbili. Alifanya kile ambacho vidole vyake vilikijua, akaivuta safu fupi taratibu kuifuata ndefu, na mishono ikakutana barabara. Ncha ya chini ya mfarishi ilianza kupanda kadiri safu zilivyoongezeka. Aliiona. “Nitainyoosha mwishoni,” alisema, maana mwisho wa nguo siku zote ni pindo, na pindo hunyooshwa mwishoni. Safu ya 21 ilipokaa, alikuwa na mawimbi ya inchi 31 kwa upana, mazuri hasa. Binti alipiga picha wakamtumia mteja. Mteja alijibu kwa mioyo mitatu.

Safu ya 22 ilitoka kwenye bomba la pili.

Aliipanga ncha ya juu na ya juu, akabana pini. Rangi ya kwanza ikakaa. Ya tano ilipita mahali pake kwa sentimita moja. Ya kumi, sentimita mbili. Alidhani amefumua mshono usio wake, akahesabu rangi upya, akakuta yuko sahihi. Kufika ukanda wa 25 ngazi nzima ilikuwa imehama: palipotakiwa kijani kukutana na kona ya kijani, palikuwa na njano. Na chini kabisa safu hiyo ilining'inia kupita mwenzake kwa sentimita nane.

Alijaribu kuivuta ile fupi. Milimita nne huvutika. Sentimita nane hazivutiki. Akajaribu kuila ndefu kwa vikunjo vidogo vidogo, kama anavyoingiza mkono wa blauzi begani, na kitambaa kikafanya mafindofindo. Akashona, akafumua, akashona. Mafundi wa kwetu hufumua kwa wembe, na kwa mshono wa gauni wembe ni mwepesi kuliko kitu chochote. Lakini hapa mshono ni mfupi wa nyuzi ndogondogo na pembeni yake kuna robo inchi tu. Saa sita usiku wembe uliteleza ukapasua safu tatu.

Siku mbili baadaye binti, bila kuagizwa, alimleta bibi nyumbani.

Bibi hakuyatazama mawimbi. Aliomba pete mbili za bomba la tatu ambazo hazijafumuliwa, ya kwanza kabisa na ya mwisho kabisa. Alizifumua mshono mmoja mmoja, akazilaza sakafuni ubavu kwa ubavu. Ya kwanza ilikuwa kama inchi 80. Ya mwisho ilikuwa fupi kwa inchi tatu na ushee. Pete mbili za bomba moja, za rangi zilezile, kanda zilezile, mkono uleule.

Kisha akachukua kalamu na bahasha ya barua. Mshono ukinenepa milimita moja, alieleza, umekula milimita moja ya ukanda huu na milimita moja ya ukanda ule, maana mshono una pande mbili. Zimekuwa mbili. Bomba lina mishono 40. Mbili mara arobaini. Aliandika 80, akaisukuma bahasha mezani. Fundi hakuhitaji kutafsiriwa namba.

“Na ndiyo maana ya kuanzia ncha nyingine,” binti alitafsiri. “Anasema kila mtu mkono wake hunenepesha mshono mwishoni. Ukigeuza, unene wa huu unaangukia wembamba wa ule, vinafidiana. Usipogeuza, unene wote unakusanyika upande mmoja. Na pande lenyewe linapinda.”

“Muulize mbona siku ile hakuniambia sababu.”

Binti aliuliza. Bibi alivua miwani akaifuta kabla ya kujibu.

“Anasema ulimwambia umeshona sare za shule nzima. Akadhani unajua.”

Kwa maoni yangu ile bahasha ingestahili kutundikwa mbele ya kila anayeanza, kwa sababu ya jambo moja ambalo vitabu vingi vya kazi hii hulipita haraka. Wanaoanza huambiwa robo inchi, robo inchi, mpaka wanaamini kwamba dhambi kubwa ni kuikosa robo. Si hivyo. Kama fundi angenenepesha kila mshono kwa milimita moja mwanzo hadi mwisho, bila kubadilika, pete zake zote zingekuwa fupi sawasawa, safu zingekutana, na mteja angepokea mfarishi uliopungua sentimita nane ambazo hakuna ambaye angezitafuta. Kilichouvunja ni kubadilika kwa mshono njiani. Hata kama angelianza kulikata bomba la pili kutokea mwisho wake, ili fupi ifuate fupi, angepata mfarishi uliobana kiuno.

Jaribio la kujipima lipo, na ni la dakika kumi. Kata kanda tatu za inchi mbili na nusu kutoka kwenye mabaki. Ziunge, piga pasi, kisha upime ule wa katikati: unatakiwa uwe inchi mbili kamili, na kipande kizima inchi sita na nusu. Fundi alipolifanya mbele ya bibi, mwanzo wa kipande ulitoa inchi mbili barabara. Ila bibi alimwagiza apime pia mwisho wa kanda, na mwisho hapakuwa na inchi mbili. Wengi hupima sehemu moja wakaridhika. Pima mwanzo, kati na mwisho, na uzitumie kanda zenye urefu wote wa kitambaa. Kanda fupi za majaribio humficha mtu tabia yake, kwa kuwa mkono huanza kuchoka baada ya nusu mita.

Mengine ambayo bibi aliyabadilisha mle chumbani yalikuwa madogo. Cherehani ilisogezwa kutoka ukutani, na kiti kikawekwa nyuma yake kubeba uzito wa pande lisining'inie. Badala ya kuongeza ukanda mmoja mmoja kwenye pande kubwa, kanda ziungwe mbili mbili, kisha jozi kwa jozi, zikigeuzwa kila hatua. Urefu wa mshono ukapunguzwa hadi milimita mbili, kwa kuwa mishono hii hukatwa katikati na ile mirefu hufumuka yenyewe ncha zinaposhikwashikwa. Kuhusu pete za inchi moja, bibi alikuwa mkali zaidi: ukitoa mishono miwili, pete hiyo hubaki nusu inchi, takriban milimita 13, na kosa la milimita moja kila ubavu huonekana kwa mtu aliyesimama mlangoni. Hizo ni za mwaka wa pili.

Harusi ilipita. Fundi hakuwa na dola 300 za kurudisha, zilikwisha dukani. Deni alikuwa amelilipa kwa kushona magauni ya wapambe wanne wa bibi harusi, kazi aliyoimaliza siku tano kabla ya siku yenyewe, na hakuna gauni lililorudi kurekebishwa. Safu za kwanza zilizosalimika na wembe zilinyooshwa chini, zikatiwa pamba, zikawa mfarishi wa mtoto. Pete zilizobaki za mabomba mawili bibi alizipanga kwa urefu, za mwanzo pamoja na za mwanzo, za mwisho pamoja na za mwisho, na zikikaa hivyo zinakubaliana kabisa. Zilikatwa nusu, zikaungwa, zikawa vitambaa vyembamba vya kutandika katikati ya meza. Viliuzwa kwenye mnada wa kanisa uliofuata, dola 45 kimoja, na viwili vya mwisho viligombewa.

Aliyefuata kuagiza mfarishi wa kitanda aliambiwa miezi mitano, na fedha yake ya kutanguliza ikarudishwa mfukoni mwake palepale.